Mwezi Kati ya Vichwa Viwili

Mwezi wa kwanza niliopiga picha ulikuwa balbu ya wati arobaini.

Naanzia hapo kwa sababu ninyi vijana wa kamera, mlionisumbua mpaka nikakaa kuandika, mlitaka nianze na mitambo. Mitambo ilikuja baadaye. Mimi shule niliiacha nikiwa bado nahesabu kwa vidole, na sioni haya kusema hivyo. Vidole hivyo hivyo ndivyo vilivyomlisha mke wangu na watoto wangu mpaka juzi hapa, nilipofunga studio na chumba akakichukua fundi viatu. Nani alinipa cheo na nani alinilipa nini, hayo hayatawafundisha kitu. Nitasema kazi.

Studio niliyoingia ilikuwa ya Papa Zefu, kule Kamalondo. Alikuwa mtu wa kaskazini ya Katanga, mtoto wa mfanyakazi wa reli, Mkatoliki wa kwaya, mwenye sauti kubwa kuliko chumba chake. Mimi ni mtoto wa Kiislamu, baba alikuwa fundi cherehani aliyetoka Maniema. Papa Zefu hakuuliza nasali wapi. Aliuliza kama naogopa umeme.

Nyuma ya kiti cha wateja alitundika kitambaa kilichochorwa ziwa, mnazi na anga la jioni. Angani kulikuwa na tundu la ukubwa wa sahani, limezibwa kwa karatasi iliyopakwa mafuta, na nyuma ya karatasi ndipo ilipokuwa balbu. Mteja anakaa, anakunja nne, Papa Zefu anaingiza kichwa kwenye kitambaa cheusi na kupiga kelele: "Mwezi!" Mimi, nyuma ya kitambaa, nawasha. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu muda mrefu, kuwasha mwezi na kuuzima. Umeme ukikatika, Papa Zefu alimwambia mteja bila kucheka: "Leo mwezi imekufa, rudia kesho." Na watu walirudi.

Alinifundisha mengi, lakini moja ndilo lililonibeba maisha yote. Aliniona siku moja nimeikaza flashi juu ya kamera, nampiga mwanamke picha, na uso wa yule mama ukatoka mweupe bapa kama sufuria iliyosuguliwa. Akaichomoa flashi kwenye kamera.

"Rama, nani alikuambia flashi na apareyi baliolewana?"

"Nilibikuta pamoja, Papa."

"Ubatenganishe. Apareyi ikae pale, flashi ikae kule. Unafungua jicho ya apareyi, unaacha wazi kidogo, mutu mwingine anawasha flashi na mukono. Mwangaza itoke kwenye weye unataka."

Flashi ile ya zamani ilikuwa na kitufe kidogo mgongoni cha kuijaribia. Ukikibonyeza inawaka yenyewe, hata kama kamera iko nyumba ya jirani. Papa Zefu alipoacha kazi alinipa ile flashi. Ninayo mpaka leo. Wekeni hilo akilini, litarudi.

Mwezi wa kweli niliufuata nilipokuwa na kamera yangu mwenyewe, mtumba, ya kawaida kabisa. Familia moja ya mtaa wa Bel-Air ilitaka bwana na bibi arusi chini ya mwezi mpevu. Niliwasimamisha uani, mwezi uko juu mkubwa, mzuri, kila mtu anauona. Picha ilipotoka, mwezi ulikuwa punje ya mchele. Tena mchele uliovunjika. Nilimpelekea Papa Zefu. Akaishika mbali na macho, akaileta karibu, akasema: "Umepiga usiku muzuri sana. Mwezi ulisahau ku nyumba?"

Kwa hiyo nisikilizeni. Mwezi unaouona kwa macho ni mkubwa kwa sababu moyo wako umeukuza. Kamera haina moyo. Tena mwezi si taa. Ni jiwe lililoanikwa juani, hata kama wewe uko gizani. Ukiipa kamera mwanga wa kupiga uso wa mtu usiku, lile jiwe litaungua na kuwa doa jeupe. Lipige kama unavyopiga ukuta mchana, haraka, na utayaona hata madoadoa yake. Tuliza kamera juu ya kitu, ukuta, jiwe, mfuko wa mchanga. Usiibonyeze kwa kidole chenye pupa, tumia kile kisaa kinachopiga chenyewe baada ya sekunde chache. Na msingoje giza. Mwezi mpevu unachomoza jua likizama, wakati huo anga bado lina rangi na nyumba bado zinaonekana. Huo ndio muda wake. Baada ya hapo utapata kitufe cha shati juu ya kitambaa cheusi, na kitufe hakiuziki.

Najua simu zenu mpya zinatoa mwezi mkubwa wenye mashimo yote. Mjukuu wangu alinionyesha. Nikamwambia aelekeze simu kwenye taa ya jirani yenye ukungu. Simu ikaanza kuitafutia mashimo. Sina la kuongeza.

Jambo la pili nilijifunza njiani Kasomeno. Nilikuwa naenda huko siku za soko kupiga picha za kadi, shuka jeupe nimelifunga kwenye ukuta, watu wanapanga foleni na samaki zao mkononi. Jioni moja tunarudi, lori limepata pancha, nimekaa kando ya barabara nikipiga miayo. Mbele, mbali, barabara inapanda. Mwezi ukachomoza palepale penye kilima, mwekundu. Na mtu mmoja akapita pale juu akisukuma baiskeli yenye magunia ya makaa. Mwezi ulikuwa mkubwa kama gurudumu lake! Nikasimama. Yule mtu alipokuja karibu yangu, akawa mkubwa kama watu wote, na mwezi nyuma yake ukarudi kuwa punje.

Basi nikaelewa, na hakuna aliyenifundisha. Mwezi hausogei karibu hata uubembeleze. Mtu ndiye wa kupeleka mbali. Msimamishe mbali, mahali pa juu, wewe rudi nyuma na lensi ndefu, na mwezi utalingana na kichwa chake. Kwa miaka mingi niliuza picha za namna hiyo. Watu juu ya paa, watu juu ya kuta, padri mmoja juu ya mnara wa kanisa lake akilalamika upepo. Wote walikuwa weusi, vivuli tu mbele ya anga. Walizipenda hivyo hivyo.

Mpaka akaja Mama Ngoie.

Mama Ngoie alikuwa jirani wa dada yangu huko Bel-Air, mjane, mwembamba, wa kusimama wima. Bel-Air nzima ilimwita Mama Mapasa kwa sababu alizaa mapacha, na kwao, watu wa kaskazini, mapacha wanaitwa hivyo. Wa kwanza, mvulana, ni Kyungu. Wa pili, msichana, ni Kabange. Mama aliyezaa mapasa ana mambo yake. Kila mwezi mpya ukionekana, anawapaka watoto wake wote wawili pemba, ule udongo mweupe, kwenye paji la uso, na anausalimia mwezi kwa nyimbo. Anaenda misa Jumapili kama kawaida, na padri anajua. Nyimbo zenyewe ni za matusi. Mama wa mapasa ana ruhusa ya kuimba maneno ambayo mwingine akiyasema atafukuzwa mtaani, na Mama Ngoie hakuiachia ruhusa ile ilale.

Alinikuta studioni, akakaa bila kuambiwa.

"Papa Rama, banasema uko unapiga mwezi."

"Niko napiga, mama. Unataka mwezi gani?"

"Mwezi mupya. Na batoto bangu bote babili, mu foto moya. Na pemba ku paji, ionekane muzuri."

Nikamweleza kama mtu wa kazi. Mwezi mpya ni mwembamba kama ukucha, tena unazama mapema. Nikiwaweka watoto mbali ili mwezi uwe mkubwa, nyuso zitakuwa nyeusi na pemba haitaonekana. Nikiwaweka karibu nyuso zionekane, mwezi utapotea.

"Ntapiga batoto pembeni, ntapiga mwezi pembeni," nikasema. "Kisha kijana moja wa ordinateur, ile kompyuta, atabibandika pamoja. Hautajua."

Aliniangalia kama nimetema mate sakafuni kwake.

"Kubandika? Batoto nilibabandika? Nilibazala, Papa Rama. Siku moya, tumbo moya. Foto nayo itoke tumbo moya."

"Mama, iko nguvu, iko kazi ngumu."

"Weye Mwislamu, kila mwaka munakaza shingo kutafuta huu mwezi mupya. Leo unauogopa?"

Sikupenda. Lakini akaniambia na sababu, na hapo sauti yake ikashuka. Kabange ameolewa na kijana aliyeko Kanada. Ndege yake inaondoka siku mbili baada ya mwezi mpya kuonekana. Kyungu anaendesha lori la mgodi upande wa Kinsevere, na ameruhusiwa jioni moja tu. Tangu kuzaliwa, hawajawahi kusalimiwa mmoja bila mwingine. Walipokuwa shule aliwangoja. Kyungu alipolazwa hospitali alimpeleka Kabange huko huko, akawapaka pemba kitandani, akaimba chini chini mpaka wagonjwa wengine wakacheka.

"Kabange akienda, nitaimbia nani ile nafasi yake? Nitaimbia kiti? Nipatie foto. Moya akiwa mu nyumba, mwingine atakuwa mu foto. Lakini foto ya bongo, ya uongo, mwezi hautaitambua."

Nikakubali. Na nikishakubali huwa sirudi nyuma. Mke wangu atawaambia kuwa huo ni ugonjwa.

Nilitafuta mahali. Nyuma ya Bel-Air kulikuwa na uwanja wa wafyatua matofali, na katikati yake kichuguu kikubwa, kirefu kuliko nyumba, nusu kimeshakatwa. Mnajua udongo wa kichuguu unavyopendwa kwa matofali. Nikamwomba mwenyewe asikikate mpaka siku ile ipite. Akasema: "Kama foto itanionyesha na miye, sawa." Nikamwambia haitamwonyesha yeye, itaonyesha kichuguu chake. Akaridhika kuliko nilivyotegemea.

Jioni ya kwanza nilienda peke yangu. Mwezi ulikuwa uzi tu, ukaonekana na kupotea ndani ya vumbi la kiangazi. Wetu msikitini wangebishana juu yake mpaka alfajiri. Lakini ulinionyesha utashukia wapi. Jioni ya pili unakuwa juu zaidi na mnene zaidi, hilo nalijua tangu utoto, tangu baba alipokuwa akinipandisha juu ya pipa kuutafuta. Nikapigilia kijiti mahali pa kuweka miguu mitatu ya kamera.

Ilibaki shida ya nyuso. Na hapo nikaikumbuka flashi ya Papa Zefu. Kamera itakaa mbali. Flashi itakaa chini ya kichuguu, karibu na watoto. Nitaifungua kamera kwa sekunde moja, nitapiga kelele, na mtu aliyeshika flashi atabonyeza kitufe.

Mtu gani? Mama Ngoie hakutaka mwingine. "Miye njo nilibaleta mu mwangaza," akasema. Nikamfundisha uani kwake. Aliijaribia kwa kuku. Kuku wakamhama siku nzima.

Siku yenyewe ikafika. Baridi ya kiangazi, anga safi magharibi, jua limeshazama, wekundu bado uko chini. Mwezi huo hapo, umelala chali kama bakuli. Kabange alivaa koti lake la Kanada, eti analizoesha. Mama akawapaka pemba, kila mmoja kidole kimoja kirefu, wakapanda juu ya kichuguu na kuanza kusukumana.

"Miye njo mukubwa, nasimama kuume."

"Mukubwa wa dakika tano!"

"Dakika tano iko dakika tano. Heshimu yaya yako, mukubwa wako."

"Yaya, funga kifungo ya shati, Kanada nzima itaona kitovu."

Nikarudi kwenye kijiti changu. Lensi ndefu, jicho lake nimelibana ili watoto na mwezi wote watoke wazi. Katika tundu la kamera waliingia vizuri, vichwa viwili, na katikati yao bakuli la mwezi, kubwa sawa na vichwa. Nilikuwa nimengoja picha hiyo tangu enzi za balbu, na sikujua.

Mama Ngoie chini akaanza kuimba. Maneno siyaandiki. Kabange aliinama kwa kicheko, Kyungu akaziba uso.

"Musimame!" nikapiga kelele. "Mama, tayari? Sasa!"

Mwangaza ukawaka. Nikaangalia kioo cha kamera. Mwezi ulikuwa mzuri, lakini watoto weusi, nguzo mbili. Kwenye pembe, chini, mkono wa mama mzee umeinuka juu, umeishika flashi, na mwangaza wote umeenda mbinguni.

"Mama! Mwangaza umetuma wapi?"

"Ku mwezi."

"Kwa nini ku mwezi?"

"Mwezi njo tunasalimia, Papa Rama! Kuko mutu anasalimia mugeni huku anaangalia pembeni?"

Alikuwa amepanda ubavuni mwa kichuguu ili auone, na alipofika mahali pa kuinua mikono kwenye wimbo, aliiinua, kama alivyofanya kila mwezi tangu awazae. Hata mimi ningekuwa yeye ningeiinua.

Flashi ile ni mzee kama mimi. Ikishawaka inapiga mluzi mwembamba ikijishibisha tena, na baridi ilikuwa imezichosha betri zake. Tukaingoja. Na mwezi hauna subira. Ulishuka mpaka kwenye mabega yao, kwa hiyo ilinipasa kurudi nyuma ili upande tena kati ya vichwa. Nikainua kamera na miguu yake, nikarudi, nikarudi, na mguu mmoja ukaingia kwenye shimo la maji ya wafyatua matofali mpaka gotini. Kamera niliishika juu ya kichwa. Mama Ngoie aliniona, na bila kuvunja wimbo akaniingiza ndani yake, mimi na mguu wangu. Hayo nayo siyaandiki.

Wekundu ulikuwa unakwisha. Nilijua imebaki moja tu. Nikasimamisha kamera, kiatu kimejaa maji.

Kule juu Kabange alikuwa ameacha kucheka.

"Mama," akasema, na uwanja wote ulimsikia. "Mwezi utarudia mwezi ya kesho. Miye sijue kama ntarudia. Utume mwangaza kwetu kwanza."

Wimbo ukakatika. Mama Ngoie akaushusha mkono wenye flashi. Kyungu akamshika dada yake mkono, yeye aliyekuwa anamsukuma. Kisha mama akapangusa vidole kwenye kitenge chake, akashuka mpaka mahali nilipomfundisha, akageuka. Sasa alikuwa hauoni mwezi kabisa, kichuguu kilikuwa kimemziba. Akaishika flashi kifuani kwa mikono miwili na kuwaangalia watoto wake.

"Papa Rama," akasema polepole, "sema."

"Sasa."

Ukawaka. Mara moja. Baada ya hapo mwezi ukaingia kwenye vumbi, ukawa mwekundu, ukaisha.

Picha ilikuwemo. Nyuso mbili, pemba mbili nyeupe, na mwezi umelala katikati karibu na masikio yao. Kyungu amefumba jicho moja. Mpaka leo anasema ni kosa langu. Nilimjibu kwamba kwenye picha ya mwezi watu wanaangalia mwezi.

Asubuhi, wanaenda uwanja wa ndege, gari ikasimama mbele ya studio. Kabange akashuka peke yake na koti lake.

"Papa Rama, ile foto ya kwanza uliifuta?"

"Ile iliharibika, mama. Sura yako haionekani."

"Sura yangu naijua. Nataka ile ya mukono."

Mimi sitoi kazi iliyoharibika. Papa Zefu angenifukuza. Nikaitoa, nikaiweka kwenye bahasha, nikamwambia aifiche asimwonyeshe mpiga picha yeyote wa Kanada.

Mwezi uliopita, nikiwa nimeshafunga studio na sina la kufanya mchana, nilienda kumsalimia Mama Ngoie. Picha iko sebuleni, mahali ambapo mgeni akiingia hawezi kuikwepa. Nikaikaribia nione kazi yangu. Sikuona kitu. Kila mwezi mpya amekuwa akipaka pemba kwenye kioo, kwenye paji la Kyungu na la Kabange, pemba juu ya pemba. Baadaye akaona haya kuuacha mwezi, nao akaupaka. Kioo kimebaki na madoa matatu makubwa meupe, na kona moja ya shati la Kyungu.

Nikachomoa leso.

"Papa Rama! Uguse uone."

"Mama, foto haionekani."

"Nani anataka kuiangalia? Niko naisalimia."

Nikarudisha leso mfukoni, nikanywa chai yake. Ilikuwa na tangawizi nyingi, chai nzuri.

Basi, ndugu zangu wa kamera, kazi bora kuliko zote nilizofanya iko ukutani Bel-Air, chini ya udongo mweupe, na hakuna atakayeiona. Mkipita huko ingieni. Mwambieni Mama Ngoie mimi ndiye niliyewatuma, na vumilieni atakachowaimbia. Mwezi ni lile doa la katikati.